Kwa Nini Mtoto Huyu Anapata Kifafa? Hotuba Kuhusu Magonjwa ya Kurithi ya Umetaboli

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi, wauguzi, madaktari wa watoto na wataalamu wa maabara. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu wazazi, ndugu wauguzi, madaktari wetu, na ninyi wa maabara mliokaa kule nyuma ingawa mengi ya leo yanawahusu ninyi: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Mtoto akianguka kifafa, swali la kwanza la kila mtu ni hili: tumpe dawa gani? Ni swali la haki, na lazima lijibiwe haraka. Leo tumekuja na swali la pili, ambalo mara nyingi halipewi nafasi. Kwa nini? Kwa nini mtoto huyu? Kwa nini asubuhi kabla hajala? Kwa nini kila akipata homa? Kwa nini dawa tatu zimeshindwa?

Kifafa ni kama homa: kinatuambia kuna jambo, hakituambii ni jambo gani. Nyuma yake panaweza kuwa na kovu la homa ya uti wa mgongo, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo ulioumbika tofauti, au hitilafu ya jeni. Ndani ya hizo za jeni kuna magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yaani hitilafu katika namna mwili unavyochakata chakula na kemikali zake. Ukiyachukua moja moja ni adimu. Ukiyajumlisha, huzaliwa nayo takriban mtoto 1 kati ya 2,000, na uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2021 uliorodhesha zaidi ya 1,400. Si yote yanayoleta kifafa. Na mengi ya yale yanayoleta, tuseme ukweli mapema, bado hayana tiba. Lakini machache yana tiba inayofika kwenye chanzo chenyewe, na kwa ajili ya hayo machache tumekusanyika.

Wazeni watu waliojipanga mstari, wanapokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mmoja akiondoka, nyuma yake ndoo zinarundikana, mbele yake mapipa yanakauka, na maji yaliyorundikana yanaanza kumwagika pembeni, mahali yasipotakiwa. Kila mtu katika mstari ule ni kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi moja ya kemikali mwilini, na maelekezo ya kazi yake yameandikwa kwenye jeni. Kwa hiyo mtoto anaweza kuumwa kwa sababu sumu imerundikana, au kwa sababu ubongo umekosa kitu unachokihitaji, au kwa sababu seli zimekosa nishati. Kila mtindo una tiba yake: kupunguza kinachorundikana, kuongeza kinachokosekana, au kutafuta njia nyingine ya kupitisha nishati.

Na kabla mzazi yeyote hajaanza kujilaumu: mengi ya magonjwa haya hutokea pale baba na mama, wote wazima, wanapobeba kila mmoja nakala moja yenye hitilafu. Hapo kila mimba, kila mimba upya, ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Mengine hutokana na badiliko jipya kwa mtoto mwenyewe. Si kosa la mama, wala si la baba.

Jambo la kwanza: kuna watoto ambao dawa yao ya kifafa ni vitamini.

Mwaka 1954, Marekani, daktari Hunt na wenzake walichapisha habari za mtoto mchanga ambaye degedege lake halikusikia dawa yoyote. Akipewa mchanganyiko wa vitamini, linakoma. Asipopewa, linarudi. Ikabainika kwamba katika mchanganyiko ule kilichofanya kazi ni pairidoksini, yaani vitamini B6. Mama yake alikuwa amepewa vitamini hiyo hiyo wakati wa ujauzito kwa ajili ya kichefuchefu. Swali la kwa nini likakaa zaidi ya miaka 50 bila jibu kamili. Mwaka 2006 watafiti wa London, wakiwemo Philippa Mills na Peter Clayton, walionesha kwamba hitilafu iko kwenye jeni iitwayo ALDH7A1.

Tazameni ilivyo ajabu. Jeni hiyo haihusiki na vitamini. Inahusika na kuvunja laisini, moja ya asidi amino zilizomo kwenye protini. Kazi ile ikikwama, mabaki yanarundikana, na moja ya mabaki hayo hushikana na vitamini B6 iliyo tayari kufanya kazi na kuitoa kazini. Ubongo unaihitaji B6 hiyo kutengeneza GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Basi ubongo unabaki gari lisilo na breki. Mtoto huyu hakukosa vitamini kwenye maziwa. Vitamini inaingia, kisha inakamatwa njiani. Ndiyo maana kiasi cha kawaida hakimtoshi.

Jaribio lenyewe hufanywaje? Hospitalini, wala kamwe si nyumbani. Mtoto mchanga ambaye degedege lake halieleweki na halitulii hupewa miligramu 100 za pairidoksini kwenye mshipa, kipimo cha EEG, kile cha umeme wa ubongo, kikiwa kinasoma ikiwezekana, na mfuko wa kupumulishia ukiwa mkononi. Mkononi, si kabatini! Baadhi ya watoto wenye ugonjwa huu, dozi ya kwanza huwalegeza ghafla na kusimamisha pumzi.

Kosa linalofuata ndilo linalotuumiza zaidi. Dozi imetolewa, nusu saa imepita, EEG haijabadilika, mtu anaandika kwenye faili: "haikusaidia." Imeishia hapo. Ndugu zangu, si kila mtoto hujibu papo hapo. Majibu huweza kuchelewa, na EEG huweza kubaki mbaya ilhali ugonjwa upo. Ndiyo maana B6 huendelezwa kwa mdomo kwa siku kadhaa, mpaka vipimo vya mkojo au damu na vya jeni vitoe jibu. Ukithibitika, ni dawa ya maisha: kwa mtoto mdogo kwa kawaida miligramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, bila kupita 500 kwa siku hata akikua. Mpaka huo una sababu. B6 nyingi mno kwa muda mrefu huharibu neva za hisia za miguu na mikono. Mzazi anayeongeza vidonge kwa kudhani vitamini haidhuru, anadhuru.

Kuna na jamaa wa ugonjwa huu. Wapo wanaohitaji B6 ya aina nyingine, pairidoksali fosfeti, kwa sababu kimeng'enya cha kubadilisha ile ya kawaida hakifanyi kazi. Na wapo wenye upungufu wa bayotinidasi: miezi ya mwanzo degedege, nywele zinapukutika, ngozi inawasha na kuwa nyekundu kuzunguka macho na mdomo. Watoto hawa hawawezi kuirejesha bayotini iliyokwisha kutumika, wala kuibandua ile iliyoshikamana na protini za chakula. Wakipewa bayotini iliyo huru, miligramu 5 hadi 10 kwa siku, degedege hutulia kwa saa au siku chache. Lakini masikio yaliyokwisha kuziba hayafunguki tena. Saa za kuchelewa huandikwa kwenye mwili wa mtoto.

Utafiti umefika wapi kwenye ugonjwa wa B6? Imeonekana kwamba watoto wengi, hata degedege likikoma kabisa, bado wanachelewa kusema na kujifunza, kwa sababu mabaki ya laisini yangali yanarundikana. Hivyo sasa B6 huambatanishwa na mlo wenye laisini kidogo na nyongeza ya ajinini, inayoshindana na laisini kuingia kwenye ubongo. Na zimepatikana alama mpya za ugonjwa zinazodumu kwenye tone la damu lililokaushwa. Kwa nini hilo ni kubwa? Kwa sababu alama ya zamani ilioza upesi, na mkojo ulipaswa kugandishwa mara moja. Tone kavu linasafiri kwenye bahasha.

Jambo la pili: kuna watoto ambao damu yao ina sukari na ubongo wao una njaa.

Mwaka 1991 Darryl De Vivo na wenzake walieleza habari za watoto wawili wenye kifafa ambao sukari ya damu ilikuwa sawa kabisa, lakini sukari ya maji ya uti wa mgongo ilikuwa chini mno. Sukari haiingii kwenye ubongo yenyewe. Inavushwa na mlango wa protini uitwao GLUT1, na kwa watoto hawa milango ilikuwa pungufu. Mwaka 1998 hitilafu ikathibitishwa kwenye jeni SLC2A1.

Mzazi huona nini? Mtoto mchanga ambaye macho yanaruka upande huu na ule, na kichwa kinafuata. Baadaye, kuzubaa kwa sekunde chache, mwendo wa kuyumba, na mambo yote kuwa mabaya kabla ya kula, nafuu baada ya kula. Mkimsikia mama anasema "akishakula anakuwa mtoto mwingine," simameni hapo hapo.

Kipimo ni rahisi kueleza na rahisi kukiharibu. Mtoto akae bila kula saa 4 hadi 6. Damu itolewe kwanza, kisha ndipo sindano ya mgongoni. Kwa nini damu kwanza? Kwa sababu mtoto aliyeshikwa akachomwa mgongoni hulia na kuogopa, na hofu hupandisha sukari ya damu. Ukiitoa damu baada ya hapo, uwiano utaonekana mbovu kwa mtoto asiye na ugonjwa. Maji ya mgongo nayo yasiachwe mezani yakisubiri gari, maana seli zilizomo huendelea kula sukari. Kisha gawanya: sukari ya maji ya mgongo kwa sukari ya damu. Kawaida ni karibu 0.6. Kwa watoto hawa wengi hushuka chini ya 0.45.

Na hapa tunaomba jambo moja kwa madaktari. Yale maji ya mgongo mara nyingi yalikwisha kuchukuliwa zamani, kutafuta homa ya uti wa mgongo. Jibu likarudi: chembe nyeupe hakuna, vijidudu hakuna, sukari ndogo. Mtu akafurahi kwamba si homa ya uti wa mgongo, akalifunga faili. Fungueni mafaili hayo. Sukari ndogo bila vijidudu wala chembe haijajieleza bado.

Tiba ni mlo wa ketojeniki, uliopendekezwa na Russell Wilder wa Mayo Clinic mwaka 1921 ili kuiga hali ya kufunga kula. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ketoni huingia kwenye ubongo kwa mlango mwingine. Uwiano wa 4 kwa 1 maana yake gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Pigeni hesabu: mafuta gramu 4 hutoa kalori 36, ile gramu 1 hutoa 4. Asilimia 90 ya nishati inatoka kwenye mafuta. Huo si mlo wa kukadiria kwa kijiko. Ni wa mizani, wenye mtaalamu wa lishe, vitamini na kalisiamu za nyongeza, na kufuatilia mawe ya figo, choo kigumu na ukuaji.

Huharibikia wapi? Kwenye dawa ya maji ya kikohozi, tamu, aliyopewa na mtu mwenye huruma. Kwenye dripu yenye sukari iliyowekwa usiku na zamu isiyojua habari zake, pasipo sukari ya damu kushuka. Mpeni mzazi barua ya dharura ya ukurasa mmoja, atembee nayo.

Na onyo zito: mlo huu unaookoa mtoto wa GLUT1 unaweza kumuua mtoto ambaye mwili wake hauwezi kuchoma mafuta. Kabla ya kuanza, pima asilikarnitini za damu, alama za namna mwili unavyochoma mafuta, na uhakikishe hana magonjwa ya kuvunja mafuta wala upungufu wa pairuveti kaboksilesi, kimeng'enya kinachosaidia mwili kutengeneza sukari na nishati. Hakuna mlo "wa asili" unaoanzwa kwa sababu jirani umemfaa.

Jambo la tatu, na hapa wa maabara tunawaomba masikio: sampuli ya saa ya ugonjwa haipatikani tena kesho.

Chukueni mtoto huyu wa mfano. Amezaliwa mzima, kilo tatu na nusu, ananyonya vizuri. Siku ya tatu ananyonya kivivu. Jioni anatapika, analegea, anapumua kwa kasi. Usiku degedege. Inaandikwa "maambukizi ya damu," anapewa viuavijasumu. Sawa, apewe, hakuna anayekataza. Lakini nani amepima amonia, sumu inayotokana na kuvunjwa kwa protini? Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yote yapo: alizaliwa mzima, akaanza maziwa, protini ikaingia, akazidi kulala kila siku.

Amonia inapimwa kwa damu inayotiririka yenyewe, bila kufunga mkono kwa nguvu. Chupa inawekwa kwenye maji ya barafu papo hapo, inafika maabara ndani ya dakika 15, plazma inatenganishwa bila kungoja. Ikicheleweshwa, chembe za damu hutoa amonia zenyewe na jibu linapanda uongo. Kwa mtoto mchanga mgonjwa, ikizidi maikromoli 150 kwa lita, chukulia ni kweli mpaka ithibitike vinginevyo. Protini inasimamishwa, dripu ya glukosi inaanza, dawa za kuondoa amonia zinatafutwa, na ikipanda sana damu inasafishwa kwa mashine. Protini isisimamishwe kupita saa 24 hadi 48 hivi, maana mwili ukikosa kabisa huanza kula misuli yake, na amonia inapanda tena.

Laktati, asidi inayopanda kwenye damu seli zinapokosa nishati, nayo ina uongo wake: mtoto aliyepigana na muuguzi, mkono uliofungwa dakika nyingi, na laktati iko juu. Rudieni kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa.

Valproeti ni dawa nzuri ya kifafa kwa wengi. Lakini kwa mtoto mwenye hitilafu ya jeni POLG, inayohusika na vinu vya nishati vya seli, inaweza kuangamiza ini, na kwa mwenye hitilafu ya kuondoa amonia inaweza kuipandisha ghafla. Mtoto mdogo mwenye kifafa kigumu, anayerudi nyuma kimakuzi, mwenye mtikisiko wa upande mmoja usiokoma, au ndugu aliyefariki kwa ini: tafuteni kwanza, ndipo muandike dawa.

Jambo la nne ni mzazi.

Norwe, miaka ya 1930, mama mmoja alikuwa na watoto wawili waliozaliwa wazima kisha akili zao zikadumaa. Alisumbuliwa na jambo dogo: mkojo wao ulikuwa na harufu ya ajabu. Akaenda kwa daktari huyu, akaenda kwa yule, kwa miaka. Mwishowe alifika kwa Asbjørn Følling, daktari aliyekuwa pia mkemia. Akatia kloridi ya chuma kwenye mkojo, na badala ya rangi ya kahawia aliyoizoea, ukawa kijani kibichi. Mama akaendelea kuleta mkojo, lita kwa lita, mpaka Følling akaitambua asidi ya fenilipairuvi. Mwaka 1934 ugonjwa tunaouita leo PKU, ambao mwili hushindwa kuchakata fenilalanini, moja ya asidi amino za protini, ukachapishwa. Watoto wake wawili hawakunufaika. Lakini mwaka 1953 Horst Bickel na wenzake wakaonesha kwamba mlo wenye fenilalanini kidogo unasaidia, na miaka ya 1960 Robert Guthrie akaleta kipimo cha tone la damu la kisigino kwenye karatasi. Kote kunakopimwa watoto wachanga leo, chanzo kimojawapo ni mama aliyeuliza kuhusu harufu.

Basi wazazi, mnaloliona nyumbani ni data. Rekodini tukio kwa simu: mwili mzima uonekane, uso na macho, mwanga wa kutosha, na msizime mapema. Lakini kwanza mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, angalieni saa. Tukio likipita dakika 5, dawa ya dharura na hospitali. Andikeni saa ya tukio, saa ya mlo wa mwisho, homa, na alichokila. Semeni kama kuna ndugu aliyefariki mdogo. Semeni kama mama alihisi mtoto akitikisika tumboni kama kwikwi zisizoisha, kwani baadhi ya akina mama wa watoto wa B6 hueleza hivyo.

La mwisho ni muda. Ugonjwa wa kurithi wa ubongo uitwao CLN2 hukosesha mwili kimeng'enya TPP1. Mtoto huchelewa kidogo kusema, kisha kati ya miaka 2 na 4 kifafa kinaanza, kisha mwendo na macho vinapotea. Mwaka 2017 dawa ya seliponesi alfa (cerliponase alfa) iliidhinishwa Marekani: kimeng'enya chenyewe, miligramu 300 kwa mtoto wa miaka 3 na zaidi, hudondoshwa ndani ya vyumba vya maji ya ubongo kila baada ya wiki 2, kupitia kifaa kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kichwa. Inapunguza kasi ya kupoteza mwendo. Haimrudishii aliyokwisha kupoteza. Hivyo mtoto wa miaka 3 aliyechelewa kusema, na sasa ameanguka kifafa bila homa, apimwe kimeng'enya hicho, asisubiri aanze kuyumba. Tone kavu la damu linatosha kuanzia.

Kipimo cha jeni kinafika zaidi na zaidi, na kinasaidia sana kikifanywa kwa mtoto pamoja na wazazi wote wawili. Lakini kina upungufu wa haki: hifadhi kubwa za data za jeni za kulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mtoto wa asili nyingine hupewa mara nyingi zaidi jibu la "badiliko lisilojulikana maana yake." Hapo biokemia hurudi kuamua: je, kimeng'enya kinafanya kazi au hakifanyi? Watafiti wanapoomba sampuli za familia zenu kwa ridhaa, ulizeni zitatunzwa wapi, na majibu yatarudi kwenu vipi. Mkiridhika, shirikini.

Na lipo jambo gumu tunalilisema taratibu. Wakati mwingine mtoto anafariki kabla ya jibu. Ndugu wauguzi, ndugu madaktari, katika saa ile, kwa ruhusa ya wazazi na kwa heshima, dondosheni damu kwenye karatasi, jazeni miduara yote, iacheni ikauke ikiwa imelala kwa saa 3 hadi 4 mbali na jua. Chukueni damu ya jeni, na mkojo ukipatikana ugandisheni. Wazazi hawatauliza leo. Watauliza mwaka ujao, mama akiwa mjamzito tena, na maswali yao yatakuwa juu ya ile 1 kati ya 4.

Asanteni. Sasa tupokee maswali, na tuanze na wazazi.